Minji za aina tatu katika bustani ya nyumbani Nakuru: kutoka pakiti ya mbegu hadi sufuria

Lalamiko ninalolisikia sana kutoka kwa majirani wanaopanda minji (njegere) ni hili: mimea ilipendeza, maua yakajaa, halafu maganda hayakuonekana. Mara nyingi udongo hauna kosa wala mbegu haina kosa. Maua yalifunguka wakati wa joto.

Minji ni zao la baridi. Hustawi kwenye nyuzi 12 hadi 20 hivi, na mchana ukipita nyuzi 27 maua huanza kupukutika kabla ya kushika. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mvua inaanza lini, jiulize hewa itakuwaje wiki ambazo maua yatakuwa wazi. Ukipata jibu hilo, rudi nyuma kwenye kalenda upate siku ya kupanda. Mambo mengine yote katika mwongozo huu yanafuata hapo.

Kuhesabu kuanzia kwenye ua

Aina nyingi hutoa ua la kwanza siku 40 hadi 55 baada ya kupandwa; za kimo kirefu huchelewa kidogo. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Januari hadi Machi jua ni kali na upepo ni mkavu. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya ubaridi. Ukipanda kati ya katikati ya Aprili na mwisho wa Mei, maua yatafunguka Juni na Julai, na huo ndio msimu ninaoutegemea. Msimu wa pili ni mbegu za mwanzo wa Oktoba, ambazo huvunwa hadi karibu na Krismasi. Ukichelewa hadi Novemba, maua yatakutana na jua la Januari na jasho lako litapotea.

Ukipanda juu kuliko mji, kwa mfano Njoro, Elburgon, Molo au Mau Narok, joto si tatizo lako. Adui wako ni sakitu ya alfajiri, hasa usiku wa anga safi kati ya Desemba na Februari. Majani ya minji huvumilia sakitu nyepesi, lakini maua na maganda machanga huungua na kugeuka meupe. Huko panga maua yasianguke kwenye miezi hiyo.

Kwa walio Kisumu mjini, Ahero au Bondo, ushauri wangu ni wa wazi: kipande chako cha ardhi kipe kunde na mbaazi. Kisumu iko mita 1,130 hivi, mchana hukaribia nyuzi 30 mwaka mzima, na minji hazitakulipa kazi yako. Lakini kama kwenu ni Nandi Hills, Kericho, miinuko ya Kisii au Kapsokwony kwenye mteremko wa Mlima Elgon, uko kwenye nchi ya minji na kila kitu hapa chini kinakuhusu.

Aina: unakula punje au unakula ganda?

Watu wengi hujua minji moja tu, ile ya kumenya. Zipo tatu, na kwa bustani ndogo naona ni hasara kubwa kupanda moja peke yake, kwa sababu kila moja huiva kwa wakati wake na hupikwa kivyake.

Ya kwanza ni minji ya kumenya. Ganda lake lina utando mgumu kwa ndani, kama karatasi ya ngozi, ndiyo maana halitafuniki. Kwenye maduka ya mbegu utakutana na Green Feast, ambayo kimo chake hufika kiunoni, na Alderman, ambayo huenda juu ya mita 1.5 na kudai egemeo la kweli. Kwa ndoo au gunia kuna Little Marvel, fupi ya sentimita 45 hivi, ambayo husimama kwa msaada mdogo.

Ya pili ni minji ya ganda bapa, ambayo pakiti yake huandikwa ‘snow peas’. Hii haina ule utando mgumu. Huliwa nzima ganda likiwa bado jembamba, punje zikiwa alama tu ndani yake. Oregon Sugar Pod ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza. Ni fupi kiasi, huanza kuzaa mapema, siku 60 hadi 70 kutoka kupandwa, na hukaa ikizaa kwa wiki kadhaa mradi unaichuma.

Ya tatu ni minji ya ganda nono. Ganda ni laini kama la bapa, lakini ni nene na huliwa likiwa limejaa punje. Aina mama ya kundi hili, Sugar Snap, ilizalishwa Marekani na Calvin Lamborn na ikatoka kwa wakulima mwaka 1979. Ni ndefu, hupanda hadi mita 1.8. Sugar Ann ni dada yake mfupi na hutosheka na sentimita 60. Watoto huila mbichi bustanini kabla haijafika jikoni, na mimi siwakatazi.

Angalia pia mbegu yenyewe. Nyingine ni laini na ya mviringo, nyingine ina makunyanzi. Yenye makunyanzi ni tamu zaidi kwa sababu hubakiza sukari nyingi bila kuigeuza wanga, lakini huoza upesi kwenye udongo wenye baridi na maji. Mbegu laini huvumilia zaidi shambani, ila utamu wake ni mdogo kwa kulinganisha. Tofauti hiyohiyo ni mojawapo ya zile alizozihesabu mtawa Gregor Mendel kwenye bustani ya utawa wake huko Brno, akachapisha matokeo mwaka 1866 yaliyokuja kuwa msingi wa elimu ya urithi. Kama unapanda Molo kwenye mvua kubwa, mbegu laini itakuletea usumbufu mdogo.

Kununua mbegu

Nunua agroveti inayoeleweka, na uangalie kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, kwenye pakiti. Kikwangue, tuma namba iliyo chini yake kwa ujumbe mfupi hadi 1393, na utajibiwa kama mbegu ni halali. Gramu 100 zina mbegu zisizopungua 300, ambazo kwa nafasi ya sentimita 5 zinatosha mstari wa mita 15. Kwa familia, mita 5 za kila aina ni mwanzo mzuri.

Mbegu iliyopakwa rangi ya waridi, buluu au kijani imetiwa dawa. Usiitafune, usiwape kuku mabaki, na nawa mikono baada ya kuipanda.

Kama shamba lako halijawahi kuona minji, tafuta Biofix ya minji, ambayo kampuni ya MEA huitengeneza hapahapa Nakuru. Ni bakteria hai waliowekwa kwenye unga mweusi, wale wanaoishi kwenye mizizi na kunasa naitrojeni ya hewani. Hakikisha pakiti imeandikwa minji, kwa maana ya maharagwe au ya soya ni bakteria wengine. Loweshea mbegu maji kidogo yenye sukari, nyunyizia unga huo ukiwa kivulini mpaka kila mbegu ishike, kisha panda saa hiyohiyo. Jua huwaua, na dawa ya mbegu za rangi pia huwaua, hivyo kwa kazi hii tumia mbegu isiyotiwa dawa.

Kitanda

Udongo wa Nakuru kwa sehemu kubwa ni wa majivu ya volkano: mwepesi, rahisi kulima, na hukauka haraka. Minji huupenda kwa wepesi wake, lakini unahitaji mboji ili ushike maji. Lima kina cha jembe, toa magugu na mizizi yake, kisha changanya debe moja la samadi iliyooza vizuri kwa kila mita nne za mraba. Samadi mbichi usiilete hapa. Inaunguza miche na kuvuta sota, wale viwavi wanaokata miche.

Minji hutaka fosforasi kuliko naitrojeni. Ukitumia mbolea ya DAP, vifuniko viwili vya soda kwa kila mita moja ya mfereji vinatosha, na lazima uichanganye na udongo kabla ya kuweka mbegu, isiguse mbegu moja kwa moja. Usiongeze mbolea za naitrojeni, CAN wala yuria, baadaye. Utapata majani ya kifahari na maganda ya kuhesabu.

Kama kipande chako kina udongo mwekundu wenye tindikali, kama ilivyo sehemu nyingi za Kericho na Nandi, pima kwanza. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, hupima udongo, na kipimo cha pH (cha tindikali) cha minji ni 6.0 hadi 7.5. Chini ya hapo weka chokaa ya kilimo miezi miwili au zaidi kabla ya kupanda. Na mahali palipokuwa na maharagwe au minji msimu uliopita, paache. Magonjwa yao ya mizizi ni yaleyale na hukaa udongoni. Miaka mitatu kabla ya kurudi ndiyo salama.

Kupanda

Chora mifereji miwili iliyoachana sentimita 20, kisha acha njia ya sentimita 60 kabla ya jozi inayofuata. Aina ndefu ziachie njia ya sentimita 90 uweze kupita bila kuzivunja. Mbegu ziingie sentimita 3 hadi 5 chini, zikiachana sentimita 5. Udongo ukiwa mkavu zamisha zaidi. Ukiwa na maji mengi, usipite 3.

Kuloweka mbegu usiku mmoja husaidia wakati wa ukame. Mvua ikiwa imekolea, panda kavu, la sivyo zitavimba na kuoza. Mwagilia mara moja vizuri baada ya kufukia, kisha ngoja. Miche huchomoza baada ya siku 7 hadi 10, na kati ya hapo kumwagilia kila siku ndiko kunakoziozesha mbegu.

Usipande zote siku moja. Gawa mbegu za kila aina mara mbili au tatu, ukiachanisha wiki mbili mbili, ndani ya lile dirisha la Aprili na Mei. Hapo ndipo familia hula minji mfululizo badala ya kuzidiwa wiki moja na kukosa inayofuata.

Fito na kamba

Hapa watu wengi huharibu. Wanachomeka nguzo nene walizotumia kwa maharagwe, wanashangaa minji zikilala chini. Haragwe hujizungusha lenyewe kwenye mti. Mmea wa minji haufanyi hivyo: hushika kwa vikono vyembamba kama uzi vinavyotoka kwenye ncha ya jani, na kikono hicho hakiwezi kukumbatia kitu kinene kuliko penseli. Keti kando ya mche wa wiki ya tatu asubuhi utazame. Utakuta vikono vimenyooka hewani vikipapasa, na kimoja kilichogusa uzi tayari kimejikunja mara tatu au nne.

Kwa hiyo nguzo ni za kubeba uzito tu. Vikono vinahitaji kamba. Simamisha fito kila mita mbili katikati ya ile mistari miwili, kisha vuta kamba ya mkonge au ya nailoni kwa mlalo, ya kwanza sentimita 15 kutoka chini, na nyingine kila sentimita 25 kwenda juu. Kwa Green Feast na Oregon Sugar Pod fito za mita 1.2 juu ya ardhi zinatosha. Kwa Alderman na Sugar Snap zifike mita 1.8, zizamishwe chini sentimita 50, maana upepo wa Nakuru wa alasiri hauna huruma na ukuta wa majani hushika upepo kama tanga.

Njia ya bei nafuu kwa aina fupi ni matawi. Ukipunguza mgrevilea au ua, usichome vijitawi. Vichomeke kando ya mstari vikiwa na matagaa yake yote, na minji zitapanda zenyewe. Mabua ya mahindi ya mwaka jana hufaa pia ukifunga kamba mbili baina yake. Lolote utakalochagua, liweke kabla mche haujafika kimo cha kiganja. Mmea ukishaanguka na kushikamana na mwenzake, kuuinua ni kuuvunja.

Maji, palizi, na kuchungulia mizizi

Minji zinahitaji maji ya milimita 25 hivi kwa wiki, yaani keni mbili na nusu za lita 10 kwa kila mita ya mraba, mvua ikiwa haijanyesha. Mwagilia shinani, asubuhi, mara mbili kwa wiki. Majani yaliyolala na maji usiku hualika ukungu. Wakati maua yanafunguka na maganda yanajaa usikubali udongo ukauke, hata kwa siku chache. Tandaza nyasi kavu au maganda ya maharagwe kati ya mistari. Udongo utabaki na ubaridi na palizi itapungua. Panapohitaji palizi, tumia mkono au jembe jepesi, kwa sababu mizizi iko karibu na juu.

Wiki ya tano au ya sita, toa mche mmoja dhaifu uliokusudia kuupunguza. Chimbua kwa uma, usivute. Suuza mizizi polepole na utaona vinundu vidogo vimeshikamana nayo. Kata kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, bakteria wanafanya kazi na mimea yako inajilisha naitrojeni. Kikiwa cheupe au kijani, au hakuna vinundu kabisa na majani ni ya njano, hapo samadi ya maji iliyozimuliwa hadi rangi ya chai nyepesi itasaidia msimu huu, na mwaka ujao tumia Biofix.

Ndege, wadudu na ukungu

Adui wa kwanza bustanini mwangu si mdudu. Ni kuzumburu, wale ndege wa kijivu wenye kishungi na mkia mrefu, ambao huja kwa kundi na kula majani machanga mpaka shina linabaki uchi. Funika mistari kwa wavu juu ya fito zilizopindwa kwa wiki tatu za kwanza. Chandarua kilichochakaa, kisichofaa tena kitandani, hufanya kazi hiyo.

Sota hukata miche usiku kwenye usawa wa ardhi. Ukikuta mche umelala asubuhi, fukua udongo pale pale, sentimita mbili tatu, utamkuta amejikunja. Vidukari hukaa kwenye ncha na kwenye vikonyo vya maua. Wachache wakamue kwa vidole, wengi wapulizie maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita, jioni, ukilenga chini ya majani. Kuna mdudu anayechora njia nyeupe ndani ya jani: toa majani ya chini yaliyochorwa uyachome, usikimbilie dawa, kwa maana dawa kali huua nyigu wadogo wanaomla. Viwavi wanaotoboa maganda waokote kwa mkono unapovuna.

Ubwiri unga ndio ugonjwa wa kiangazi chenye umande. Jani hufanana na lililomwagiwa unga wa ngano. Ukiona doa la kwanza, pulizia salfa ya kuchanganya na maji kwa kipimo cha kibandiko, asubuhi kabla ya jua kali, na uzingatie siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Madoa ya kahawia yanayopanda kutoka majani ya chini wakati wa mvua ni ukungu mwingine, unaorushwa na matone kutoka udongoni. Matandazo na nafasi pana ndiyo kinga yake. Mche unaonyauka mchana na udongo una maji, mizizi imeoza. Ung'oe, na inua kitanda cha msimu ujao sentimita 20.

Kuvuna

Kila aina ina ishara yake. Ya ganda bapa ichume siku 5 hadi 7 baada ya ua, ganda likifika urefu wa kidole na ukiliinua kwenye mwanga uone punje kama vivuli vidogo. Ya ganda nono isubiri hadi ijae na ganda livunjike kwa mlio ukilipinda. Ya kumenya huchukua wiki tatu hivi kutoka ua: bonyeza, lisikike limejaa, lakini bado liwe la kijani linalong'aa. Ganda likipoteza mng'ao na kuonyesha mishipa kama wavu, sukari imekwisha kugeuka wanga.

Chuma kwa mikono miwili. Mmoja ushike shina, mwingine ukate ganda kwa ukucha. Ukivuta kwa mkono mmoja utang'oa mmea mzima kwenye kamba. Maganda ya chini hukomaa kwanza, kwa hiyo anzia chini. Pitia kila siku mbili au tatu bila kuruka, hata kama ni maganda machache, kwa sababu mmea ukiachiwa maganda yakakomaa huona kazi yake imekwisha na huacha kutoa maua.

Baada ya kuchumwa utamu hushuka saa kwa saa. Chuma jioni ile unayopika. Kilo moja ya maganda ya kumenya hutoa punje chini ya nusu kilo, hivyo kwa mukimo wa watu sita usiingie bustanini na bakuli dogo. Punje changa zinahitaji dakika 5 hadi 8 tu kwenye mchuzi, ziongezwe viazi na karoti vikiwa vimeiva. Ganda bapa na nono likate ncha, vuta uzi wa pembeni, kisha likaange na kitunguu na kitunguu saumu kwa dakika 2 au 3. Zikizidi, chovya kwenye maji yanayochemka kwa dakika 2, zitie kwenye maji baridi sana, kausha na uweke friza.

Mbegu za msimu ujao na kitanda baada ya minji

Ua la minji hujichavusha kabla halijafunguka, kwa hiyo aina tatu zikikaa jirani hazichanganyiki kwa urahisi. Funga uzi mwekundu kwenye mimea bora mapema, yenye maganda mengi na majani safi, na usichume hapo hata ganda moja. Mabaki ya mwisho wa msimu hayafai kwa mbegu. Acha maganda yakauke kwenye mmea mpaka yawe ya kahawia na yalie ukiyatikisa. Menya, anika kivulini, na ujaribu kwa jino: likiacha alama, bado. Zikikauka kabisa, ziweke friza wiki moja kwenye mfuko uliofungwa vizuri ili fukusi wafe, kisha hamishia kwenye chupa kavu yenye jina la aina na mwaka. Huota vizuri kwa miaka mitatu hivi.

Mimea iliyokwisha usiing'oe. Ikate kwenye usawa wa ardhi; mizizi na vinundu vyake vibaki vioze udongoni. Majani yasiyo na ugonjwa yapeleke kwenye mboji au umpe mbuzi, yenye madoa yachome. Kitanda hicho kipande sukuma wiki, kabichi au mahindi mabichi, navyo havitahitaji samadi nyingi.